Likizo kwa pointi: Hesabu ya kufanya kabla ya kutia saini

KATIKA mji wa Orlando, jimboni Florida, Marekani, mgeni hakai siku mbili kabla ya kualikwa mahali. Mwaliko humkuta kwenye mapokezi ya hoteli, kwenye kibanda cha tiketi au mlangoni mwa mgahawa: afike kesho asubuhi yeye na mwenzi wake, wapatiwe kifungua kinywa cha bure na tiketi za viwanja vya burudani kwa bei nafuu, nao wasikilize maelezo kwa muda wa saa moja na nusu tu.

Kinachouzwa katika muda huo, ambao aghalabu hurefuka hadi adhuhuri, ni haki ya kulala katika nyumba za mapumziko kila mwaka, kwa miaka 40 au zaidi, haki inayopimwa kwa pointi. Wengi huiita taimsheya kwa kufuata Kiingereza. Kwa Kiswahili cha wazi ni umiliki wa zamu.

Mauzo hayo hufanywa kwa ustadi. Muuzaji huuliza familia hutumia kiasi gani kwa hoteli kila mwaka, huzidisha kiasi hicho kwa miaka 30, kisha huandika jumla yake kwa kalamu nene. Mbele ya tarakimu hiyo, bei ya dola 30,000 huonekana ndogo. Swali ambalo kwa kawaida haliulizwi mezani ni lile la msingi: je, familia hiyo husafiri vipi hasa, na je, ndivyo itakavyosafiri kwa miaka mingine 30?

Swali hilo haliwahusu Wamarekani peke yao. Watanzania, Wakenya na Wakongo wengi wamefanya makazi katika majimbo kama Texas na Minnesota, na watoto wao huitaka Florida kama wanavyoitaka watoto wa jirani. Wapo pia wasafiri wa kutoka Dar es Salaam na Nairobi wanaokwenda kuwatembelea ndugu zao na kujikuta wamekaa kwenye meza ile ile, mbele ya kalamu ile ile.

Kutoka wiki hadi pointi

Biashara hii ilizaliwa Ulaya. Mwaka 1963 kampuni ya Hapimag ya Uswisi ilianza kununua nyumba za likizo kwa fedha za wanahisa wake, ambao hupewa pointi za kukaa humo. Miaka michache baadaye, katika milima ya Alps nchini Ufaransa, zikaanza kuuzwa wiki badala ya pointi, na mtindo huo wa wiki ndio uliotawala Marekani katika miaka ya 1970. Familia ilinunua wiki moja maalumu, tuseme wiki ya 27, na kila mwaka ilirudi wiki ile ile katika nyumba ile ile.

Kasoro yake haikuchelewa kuonekana. Watoto hukua, ratiba za shule hubadilika, na hata mahali pazuri huchosha. Ndipo zilipoanzishwa kampuni za kubadilishana wiki, RCI mwaka 1974 na Interval International mwaka 1976, na hatimaye pointi zikarudi kwa nguvu. Kampuni ya Disney ilipofungua klabu yake ya likizo karibu na Orlando mwaka 1991, ilianza na pointi tangu siku ya kwanza. Marriott, iliyokuwa ikiuza wiki tangu miaka ya 1980, ilihamia kwenye pointi mwaka 2010.

Pointi zaweza kufananishwa na ghala linalojazwa mara moja kwa mwaka. Mwenye ghala huamua achote lini na kiasi gani, ila kilichobaki hakikai milele. Huo ndio uhuru unaosifiwa na wauzaji, na ni uhuru wa kweli. Hata hivyo, ghala lina mlango, na mlango una saa zake.

Kanuni za klabu ya Disney zinafaa kuwa mfano, kwa kuwa zinafahamika vizuri na kwa sehemu kubwa zinafanana na za wengine. Kila mwanachama ana mwaka wake wa matumizi, ambao huanza katika mwezi ulioandikwa kwenye mkataba, na ambao si lazima uwe Januari. Pointi asizozihitaji mwaka huu anaweza kuziweka akiba kwa ajili ya mwaka ujao, mradi afanye hivyo katika miezi minane ya mwanzo ya mwaka wake. Zikishawekwa akiba mara moja haziwekwi tena, zisipotumika, zimekwenda. Vilevile anaweza kukopa pointi za mwakani ili apate chumba kikubwa zaidi mwaka huu, na hapo bila shaka mwakani atakuwa na upungufu.

Nafasi huwekwa miezi 11 kabla ya safari katika jengo ambalo mwanachama alinunua, na miezi saba kabla katika majengo mengine ya klabu. Vyumba vya bei ndogo na vya siku za sikukuu huchukuliwa mapema. Mwanachama akivunja safari zikiwa zimebaki siku 30 au pungufu, pointi zake huzuiliwa, na zitatumika tu kwa nafasi zinazopatikana ndani ya siku 60. Kwa mwenye watoto wa shule, pointi za namna hiyo mara nyingi ni sawa na zilizopotea.

Bei ya chumba kwa pointi haiko palepale mwaka mzima. Mwezi Septemba ni miongoni mwa nyakati za bei ya chini. Pasaka na Krismasi ni za juu, na chumba kile kile kinaweza kudai karibu mara mbili ya pointi. Wala Septemba haishuki bila sababu. Shule za Marekani zimekwisha kufunguliwa, na msimu wa vimbunga vya Atlantiki, unaoanza Juni hadi Novemba, unakuwa katika kilele chake. Klabu hairuhusiwi kuongeza jumla ya pointi za jengo kwa mwaka mzima, lakini inaweza kuzihamisha kutoka msimu mmoja kwenda mwingine, kwa hiyo wiki iliyotosha kwa pointi 140 leo haina hakika ya kutosha kwa pointi hizo miaka 10 ijayo.

Kalenda ya familia

Kipimo kizuri cha kuanzia ni daftari. Kabla ya kusikiliza bei, familia iandike safari zake zote za miaka mitano iliyopita: ilikwenda wapi, mwezi gani, iliamua safari miezi mingapi kabla, ilikuwa na watu wangapi, na ililala wapi. Yafaa kuandika yaliyotokea, kwa maana yanayotamaniwa hayana mwisho.

Familia ambayo daftari lake linaonyesha wiki moja ya mapumziko kila mwaka, katika eneo lile lile au yanayofanana, safari iliyopangwa karibu mwaka mzima kabla, ndiyo ambayo pointi zilibuniwa kwa ajili yake. Mara nyingi ni familia ya waajiriwa wenye likizo ya uhakika, isiyo na madeni ya kadi, na ambayo ingelala katika hoteli za hadhi hiyo hata kama pointi zisingekuwapo. Sharti hilo la mwisho husahaulika. Familia iliyozoea kulala katika hoteli ya kawaida ya kando ya barabara haiwezi kuhesabu kuwa imeokoa tofauti ya bei ya hoteli ya kifahari, kwa sababu haikuwa ikiilipa tofauti hiyo.

Idadi ya watu nayo ina uzito wake. Chumba kidogo kabisa cha klabu ya Disney, chenye jiko dogo la kupasha chakula moto, kwa kawaida huchukua watu wanne. Familia ya baba, mama, watoto watatu na bibi yao haienei humo, na italazimika kuchukua nyumba ya vyumba viwili, ambayo hudai zaidi ya mara mbili ya pointi za chumba kidogo. Kwa upande mwingine, nyumba hizo kubwa zina jiko kamili na mashine ya kufulia. Kwa familia inayopenda kupika wali na maharage yake badala ya kupanga foleni ya baga mara tatu kwa siku, jiko hilo lina thamani ya fedha taslimu.

Halafu lipo jambo ambalo muuzaji wa Orlando hana sababu ya kulijua. Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki zinazoishi ng'ambo, likizo kubwa ni kwenda nyumbani. Tiketi za watu watano hadi Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura humeza akiba ya mwaka mmoja au miwili, na siku za likizo za kazini huisha huko huko. Mwaka usio wa kwenda nyumbani nao una mambo yake: harusi ya binamu katika jimbo jingine, msiba unaodai mtu aondoke kesho yake, ada ya mdogo wake aliye chuoni. Wengi wao ni wauguzi, wahudumu wa wazee na madereva wa malori, ambao likizo yao hukubaliwa na msimamizi wiki chache kabla. Kwa watu hao, sharti la miezi 11 ni gumu kulitimiza hata kwa nia njema.

Pointi hazimlipii mtu nauli ya kwenda Kilimanjaro, na nyumba ya mzazi kijijini haimo katika orodha ya klabu. Zipo klabu zinazoruhusu pointi kugeuzwa kuwa hoteli nyingine au nauli, lakini thamani hushuka sana katika ubadilishaji huo. Mnunuzi anayeambiwa kwamba pointi zinafika dunia nzima aombe aonyeshwe, kwa jina la hoteli na tarehe ya Desemba, ni pointi ngapi zinahitajika, na kama kuna chumba. Katika klabu ya Disney, nyumba nyingi ziko jirani na viwanja vyake vyenyewe. Moja kati ya hizo, Animal Kingdom Lodge, imejaa majina ya Kiswahili kama Jambo, Kidani, Jiko, Boma na Sanaa, na mtoto aliyezaliwa Minnesota anaweza kuona twiga kutoka barazani. Hiyo ni furaha yake. Safari ya kumwona babu ni gharama nyingine kabisa.

Kwa mkazi wa Afrika Mashariki anayefikiria kununua akiwa ziarani, kizuizi ni kikubwa zaidi. Mkataba wa nyumba ya likizo haumpi mtu viza ya Marekani. Viza ikikataliwa, au ikichelewa kupita tarehe ya safari, ada ya mwaka itaendelea kudaiwa kama kawaida.

Namba bila kalamu nene

Chukua mfano wenye namba rahisi. Familia inanunua pointi 150 kwa dola 200 kila moja, bei ambayo mikataba mipya ya Disney imeivuka katika miaka ya 2020. Jumla ni dola 30,000. Mkataba ukiwa wa miaka 40, hiyo ni dola 750 kwa mwaka. Lakini kila mwaka kuna ada ya matunzo, inayolipia wafanyakazi, bima, ukarabati na kodi ya majengo. Ikiwa ni dola 9 kwa pointi, ni dola 1,350 nyingine. Kwa pamoja familia inalipa dola 2,100 kwa mwaka, yaani dola 14 kwa kila pointi, iwe imesafiri au imebaki nyumbani.

Sasa daftari lile la safari lirudi mezani. Ikiwa katika kila miaka mitatu mmoja hupita bila safari na pointi zake zikapotea, kila pointi iliyotumika imegharimu dola 21. Iwapo fedha zilikopwa kwa muuzaji kwa riba ya asilimia 12 kwa miaka 10, malipo ni takriban dola 430 kwa mwezi, na zile dola 30,000 zinakuwa zaidi ya dola 51,000. Pointi iliyotumika hapo imefika dola 26. Na ada haisimami: ikipanda kwa asilimia 4 tu kila mwaka, baada ya miaka 18 itakuwa imezidi mara mbili.

Mkopo, kwa hiyo, ndio unaoamua mambo mara nyingi zaidi kuliko ubora wa vyumba. Anayeshindwa kulipa taslimu, au kwa akiba ya mwaka mmoja, hana sababu ya kuendelea na mazungumzo. Kwa takwimu za ARDA, chama cha wafanyabiashara wa sekta hiyo nchini Marekani, bei ya wastani ya ununuzi katika miaka ya mwanzo ya 2020 ilizidi dola 20,000 na ada ya matunzo ilizidi dola 1,000 kwa mwaka. Watu wanaotoa kiasi hicho asubuhi moja, bila kulala wakakifikiria, wangekagua gari la mtumba kwa wiki mbili.

Ipo njia ya kujaribu bila kujifunga. Wanachama wengi ambao hawatasafiri mwaka fulani hukodisha pointi zao kwa wengine, na zipo kampuni za kati zinazosimamia ukodishaji huo. Mpangaji hulala katika chumba kile kile, hulipa mara moja, na akiondoka hadaiwi ada na mtu. Hasara yake ni kwamba nafasi ikishawekwa, kwa kawaida fedha hazirudi. Familia iliyokodisha mara mbili au tatu katika miaka minne, ikaona kweli inapanga mapema na inafurahia, inakuwa imepata jibu kutoka katika tabia yake yenyewe. Iliyoahirisha mara zote nayo imelipata.

Anayekata shauri kununua aangalie pia soko la mkono wa pili. Mikataba ya Disney huuzwa huko kwa bei ya chini kuliko ya kampuni, ingawa kampuni ina haki ya kuinunua kwanza, na mnunuzi wa mkono wa pili hapati kila kitu: tangu Januari 2019, pointi zilizonunuliwa kwa njia hiyo haziruhusiwi katika majengo mapya kuanzia lile la Riviera. Mikataba ya klabu nyingine nyingi hushuka thamani vibaya zaidi. Ipo inayotangazwa katika minada ya intaneti kwa dola moja, na bado hainunuliwi, kwa kuwa anayeichukua anaichukua pamoja na ada yake.

Hapo ndipo neno uwekezaji linapopaswa kumfanya msikilizaji asimame. Mikataba ya Disney ina mwisho: ya jengo la kwanza, Old Key West, kwa asili ni hadi Januari 31, 2042, na ya Animal Kingdom ni hadi mwaka 2057. Kila mwaka unaopita, kilichobaki kinapungua. Klabu nyingine huuza hati zisizo na mwisho, na muuzaji husema watoto watarithi. Watarithi na ada pia, isipokuwa waukatae urithi huo kwa kufuata taratibu za sheria kwa wakati.

Kutoka ni kugumu kuliko kuingia, na ugumu huo umezaa biashara yake. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, imeonya mara kwa mara juu ya watu wanaopiga simu wakidai wana mnunuzi tayari, au wanaahidi kuvunja mkataba, mradi walipwe kwanza. Mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya nchi hiyo iliziwekea vikwazo kampuni kadhaa za eneo la Puerto Vallarta, Mexico, zilizohusishwa na genge la Jalisco lililokuwa likiwalaghai wamiliki wa nyumba za zamu. Baadhi ya klabu kubwa zina mpango wao wa kupokea mikataba iliyokwisha kulipiwa. Huko ndiko kwa kuanzia.

Aliyekwisha kutia saini ana siku chache za kurudi nyuma. Florida sheria inampa siku 10 kuanzia siku ya kusaini au ya kupokea hati ya mwisho anayostahili kupewa, ipi iliyo ya baadaye. Nevada ni siku tano. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2008, ni siku 14, na ndani ya siku hizo muuzaji haruhusiwi kupokea malipo yoyote ya awali. Mnunuzi wa Florida hawezi kufungwa na kipengele kinachosema ameiachia haki hiyo, hata kama amekisaini. Barua huandikwa kwa anwani iliyotajwa kwenye mkataba, yenye jina, namba ya mkataba na sentensi moja ya kuuvunja, bila haja ya kueleza sababu. Ipelekwe kwa rejista, na stakabadhi ya posta ihifadhiwe. Ahadi ya muuzaji kwa simu kwamba atalishughulikia haitoshi, na siku za kurudi nyumbani kwa ndege zinahesabiwa ndani ya zile 10.